Katika Safu ya Kosa Waliandika "Amri"

Niliwekwa mahabusu siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 2017, nikiwa bado nimevaa sare ya uuguzi. Muda huo naukumbuka kwa dakika zake kwa sababu mzee aliyenisaidia kutoka alinifundisha kwamba katika mambo ya namna hii saa ya kuingia ndiyo msingi wa yote yanayofuata, na kwamba mtu asiyeijua hawezi kumwambia yeyote kuwa muda umekwisha. Wilaya siitaji wala jina la aliyetoa amri, ambaye alikwisha kuhamishwa, kwa sababu niliyoyapata mimi wameyapata pia walimu, watendaji wa vijiji na wakulima katika wilaya nyingine za Tanzania.

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijiji. Usiku wa Jumapili uliotangulia alifika mama mmoja kujifungua mimba yake ya tatu. Kwa wakati huo glovu zilikuwa zimetuishia kwa zaidi ya wiki mbili, nami nilikuwa nimejaza fomu ya kuomba vifaa mara mbili bila kuletewa chochote. Nilimwomba mumewe aende kwenye duka la dawa muhimu anunue glovu jozi mbili na kibanio cha kitovu, naye akaenda akarudi navyo. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri, wa kike, na mama yake hakupata tatizo lolote. Kesho yake Mkuu wa Wilaya alikuwa na mkutano wa kusikiliza kero kwenye kata ya jirani. Yule baba alisimama akaeleza kwamba serikali inatangaza huduma za uzazi ni bure, ilhali yeye ametolewa usiku kununua vifaa. Hakusema uongo, na sikuwahi kumlaumu.

Jumanne asubuhi magari matatu yaliingia kwenye uwanja wa zahanati. Mkuu wa Wilaya alishuka akiwa na maofisa wa halmashauri, askari polisi wawili na mpiga picha. Akaniuliza, "Sista, sera inasema nini kuhusu mama mjamzito?" Nikajibu kwamba huduma ni bure. Akauliza kwa nini basi nimewauzia watu glovu. Nikamwambia kwamba sikumuuzia mtu kitu, nikafungua kabati ili aone rafu tupu, nikaanza kumtafutia leja ya vifaa na nakala za maombi yangu. Kabla sijafika kwenye ukurasa wenyewe alikwisha kumgeukia askari na kumwambia, "Mpelekeni ndani saa arobaini na nane, akajifunze." Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi akina mama saba waliokuja kliniki. Mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi na mganga mfawidhi alikuwa ameitwa kwenye semina, kwa hiyo nilipopandishwa gari zahanati ilibaki bila mhudumu, ikafungwa siku hiyo na iliyofuata.

Nataka kuwa mwadilifu kwa aliyetoa amri ile. Hasira yake ilikuwa na sababu, kwa maana mwananchi alikuwa ameahidiwa jambo na serikali akalikosa, na kiongozi asiyekasirika kwa jambo kama hilo hafai. Ninachokipinga ni kile alichokitumia kutuliza hasira hiyo, yaani mwili wangu na uhuru wangu, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa leja iliyokuwa mkononi mwangu.

Kituoni, askari wa kike alinipekua kwa adabu, nikavua mkanda, hereni na ile saa ya kifuani tunayohesabia mapigo ya moyo wa wagonjwa. Askari wa kaunta akafungua kitabu cha mahabusu, akaandika jina, umri, kabila na kazi, kisha akauliza, "Kosa?" Aliyenileta akajibu, "Amri ya DC," yaani ya Mkuu wa Wilaya. Kalamu ilisita kidogo, halafu katika safu ya kosa yakaandikwa maneno hayo hayo kama yalivyotamkwa. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nalia, na kwa akili yangu yote niliamini kwamba nimeshahukumiwa na kwamba nimepewa adhabu ya saa 48.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu kubwa la uelewa, na ninajua hadi leo ni kosa la watu wengi, kwa sababu nasikia mitaani wakisema fulani "amepigwa saa arobaini na nane" kama vile mtu anavyopigwa faini. Chumba cha wanawake kilikuwa kidogo, na humo nilikuta wanawake wawili, mmoja akituhumiwa kuuza gongo na mwingine akiwa ndani kwa ugomvi wa deni la kikoba. Wote wawili walinifariji kwa maneno yale yale: vumilia, siku mbili si nyingi. Usiku kucha nilitunga barua kichwani ya kumwomba Mkuu wa Wilaya msamaha, nikitafuta maneno ya kukiri jambo nisilolifanya.

Nyumbani nako walikuwa wakiitunga barua hiyo hiyo kwa namna yao. Mume wangu, shemeji yangu na mjumbe wetu wa nyumba kumi walikuwa wamekubaliana kwenda asubuhi kumpigia magoti Mkuu wa Wilaya. Walipopita kumuaga jirani yetu, mzee mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kama karani wa mahakama, walimkuta akinywa chai. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia kwamba hawakatazi kuomba radhi, lakini mtu huomba radhi baada ya kujua ametuhumiwa kwa lipi. Akavaa koti lake, akachukua daftari na kalamu, akaongozana nao kwenda kituoni badala ya ofisi ya wilaya.

Mume wangu amenisimulia mara nyingi yaliyotokea pale kaunta, na mzee mwenyewe alinithibitishia. Alisalimia, akauliza habari za kazi, akajitambulisha, kisha akauliza maswali matatu, kila jibu akiliandika. Kwanza, binti yetu anatuhumiwa kwa kosa gani? Pili, sababu za kumkamata zimeandikwa wapi na nani ameziandika? Tatu, aliingizwa saa ngapi? Swali la tatu lilijibiwa mara moja kutoka kitabuni. La kwanza lilijibiwa "amri ya DC", naye mzee akasema kwa upole, "Afande, hiyo ni njia aliyoletwa nayo. Nimeuliza kosa." La pili halikuwa na jibu lolote, kwa hiyo askari akaenda kumwita mkuu wa kituo.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mtaratibu. Mzee alimkumbusha kwamba sheria inayompa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe ni hiyo hiyo inayomtaka aandike sababu zake na nakala yake ipelekwe kwa hakimu, na kwamba mtu aliyekamatwa hivyo anapaswa kufikishwa kwa hakimu ndani ya saa 48, la sivyo muda ukifika aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ile ile. Akamuuliza kama yeye kama mkuu wa kituo amepokea karatasi yoyote. Hakuwa amepokea. Simu ikapigwa ofisi ya wilaya, wakaambiwa wasubiri. Mzee hakusubiri, alikwenda mahakamani kuuliza masjala kama kuna nakala ya sababu iliyopelekwa kwa hakimu, akajibiwa kwamba hakuna, akarudi kituoni akiwa na jibu hilo daftarini, pamoja na saa aliyopewa.

Baada ya adhuhuri mkuu wa kituo alitaka kunitoa kwa dhamana, akaomba fomu iletwe. Mzee akauliza dhamana hiyo ni ya kosa lipi, kwa sababu fomu nayo ina mahali pa kuandika kosa. Walitazamana kwa muda. Saa nane na nusu mchana wa Jumatano mlango ulifunguliwa, nikarudishiwa mkanda, hereni na saa yangu, nikatoka bila dhamana, bila mashtaka na bila kupelekwa mahakamani. Nilikuwa nimekaa ndani saa 28 na dakika kumi.

Nilipokwenda kumshukuru, mzee hakutaka shukrani nyingi. Aliniketisha barazani akanipa nakala yake ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, iliyochakaa pembe zote, akaniambia nisome Ibara ya 15 kwa sauti. Nikasoma: "Kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru." Nikaendelea na ibara ndogo ya pili, inayosema ni marufuku mtu kukamatwa, kufungwa au kuwekwa kizuizini, isipokuwa "katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria" au katika kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Akanisimamisha kwenye maneno hayo, hali na utaratibu. Akaniambia kwamba ni mambo mawili, na serikali haina budi kuyatimiza yote mawili. Hata kama hali ingekuwapo, yaani hata kama kweli ningekuwa nimefanya kosa, bado utaratibu ungetakiwa kufuatwa; na hata kama utaratibu ungefuatwa kwa mihuri yote, bila ile hali hakuna ukamataji halali.

Kisha akanitolea sheria yenyewe, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ambayo kwa wakati ule ilimpa uwezo huo Mkuu wa Mkoa katika kifungu cha 7 na Mkuu wa Wilaya katika kifungu cha 15. Sheria hiyo ilikuwa kwa Kiingereza, naye alinifasiria mstari kwa mstari. Jambo hili liliniuma kwa namna ya peke yake. Katiba iliyoniahidi uhuru imeandikwa kwa lugha ninayozungumza na mama yangu, lakini sheria iliyotumika kuninyang'anya uhuru huo ilihitaji mkalimani, na sina hakika kwamba askari walioitekeleza walikuwa wamepata mkalimani wa kuwasomea. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mtu anayedhani kwamba hilo lilikuwa suala la fahari ya lugha tu, angekaa na mimi barazani siku ile.

Kwa tafsiri ya mzee, kifungu kile kinazungumzia mtu aliyetenda kosa ambalo kisheria anaweza kukamatwa na kushtakiwa, au mtu ambaye kiongozi ana sababu ya kuamini kwamba huenda akavunja amani au kuvuruga utulivu wa umma, kiasi kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia jambo hilo isipokuwa kumweka kizuizini. Niliangalia mikono yangu nikajiuliza ni amani ipi niliyokuwa karibu kuivunja nikiwa nimeshika leja. Tena sheria hiyo inasema kwamba kiongozi anayetumia uwezo huo kwa nia isiyo njema anatenda kosa la matumizi mabaya ya madaraka. Na zile saa 48, ambazo mimi nilizichukua kuwa kifungo changu, zilikuwa zimewekwa dhidi ya aliyeniweka ndani. Ni kikomo chake yeye. Ndani ya muda huo anatakiwa anifikishe mbele ya mtu mwingine, hakimu, asiyekuwa na hasira nami, ili mtu huyo aamue kama kuna jambo la kujibu. Mahali popote palipoandikwa "adhabu" katika kifungu kile sikupaona.

Mzee alinieleza pia kwamba haki hizi hazikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1962 nchi ilitunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, kisha utekelezaji wake mahakamani ukaahirishwa hadi Machi 1988. Yeye alikuwa kazini miaka hiyo. Alikumbuka jinsi makarani walivyokuwa wakipitishiana hukumu mpya, hasa za Jaji James Mwalusanya, kama watu wanaopokea barua kutoka kwa ndugu wa mbali. Alinisimulia kesi ya Daudi Pete, mtuhumiwa aliyenyimwa dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa aliloshtakiwa nalo, ambapo Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichomnyima. Akanisimulia na kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ambapo mahakama hiyo hiyo ilifuta sharti la kuiomba serikali ruhusa kabla ya kuishtaki. Kipimo kilichotoka katika kesi hizo alikuwa amekikariri: sheria inayopunguza haki ya mtu isitoe nafasi ya maamuzi ya kiholela, iwe na kinga madhubuti dhidi ya matumizi mabaya, na isipunguze haki kupita kiasi kinachohitajika kwa lengo halali.

Kipimo hicho hakiinyimi serikali nguvu. Ibara ya 30 ya Katiba yenyewe inakubali kwamba haki za mtu mmoja zinaweza kupunguzwa na sheria kwa ajili ya haki za wengine, usalama, afya na amani ya jamii. Mimi ni mtumishi wa umma na nilistahili kuulizwa kuhusu glovu zile. Lakini kwa mtumishi anayetuhumiwa kuvunja taratibu za kazi iko Sheria ya Utumishi wa Umma, yenye barua ya kujieleza, hati ya mashtaka, muda wa kujibu na kusikilizwa. Barua ya kujieleza ilinifikia wiki tatu baada ya kutoka mahabusu. Niliijibu kwa ukurasa mmoja, nikaambatisha nakala za leja na za maombi mawili yaliyokuwa na tarehe, na suala likaishia hapo. Karatasi zilizonisafisha zilikuwa kabatini siku ile ile niliyokamatwa.

Kuna jambo moja ambalo hunipa shida kila ninaposimulia habari hii, nami sitaki kulificha. Glovu zilifika. Siku nne baada ya mimi kutoka, gari la halmashauri lilishusha maboksi ambayo tulikuwa tunayaomba kwa wiki kadhaa, na kijijini watu wengi walisema amri ya Mkuu wa Wilaya imefanya kazi. Mama mkwe wangu mwenyewe alisema hivyo, bila ubaya. Nilichoweza kumjibu ni kwamba kwa siku mbili ambazo zahanati ilifungwa, mama mmoja mwenye uchungu alibebwa kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, safari ya zaidi ya saa moja, na kwamba maboksi yale yangefika vilevile kama kiongozi angempigia simu anayehusika na stoo. Hakunijibu. Ninafahamu kwa nini hoja yake ina nguvu: watu waliochoka kusubiri humpenda anayefanya jambo papo hapo, na anayelipa gharama ya haraka hiyo kwa kawaida ni mtu mmoja aliyefungiwa mahali wasipomwona.

Sikwenda mahakamani. Ibara ya 30(3) iliniruhusu kufungua shauri Mahakama Kuu, na malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hayalipiwi, lakini niliogopa kuhamishwa mbali na watoto, na mume wangu aliogopa zaidi yangu. Nimejutia uamuzi huo kwa miaka kadhaa. Nilichokifanya ni kumwandikia Mkuu wa Wilaya barua ya mistari mitano, nikiomba nakala ya sababu za kukamatwa kwangu ambazo sheria inamtaka aziandike. Niliipeleka mwenyewe masjala, nikapigiwa mhuri wa "Imepokelewa" kwenye nakala yangu. Haijajibiwa.

Mwaka 2019 mama mmoja wa kijijini, ambaye nilimzalisha watoto wawili, alinijia usiku kwa sababu mwanawe wa bodaboda alikamatwa tangu jana yake asubuhi na ndugu walikuwa wakichanga fedha za "kumtoa". Nilimwambia fedha azifunge kwenye kanga yake, tukafuatana hadi kituoni asubuhi na mapema. Njiani nilimweleza kwamba mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito, na kwamba dhamana ya polisi hainunuliwi, inahitaji mdhamini. Nilikusudia kuuliza mimi. Tulipofika kaunta na kusalimia, yeye ndiye aliyetangulia, akiwa ameshika mbao kwa mikono yote miwili, "Afande, mwanangu mmemwingiza saa ngapi, na hapo kwenye kosa mmeandika nini?"

Askari alimtazama, akanitazama na mimi, akavuta kitabu na kukigeuza upande wetu ili tusome. Safu ya kosa ilikuwa tupu.